Twiga wa Kwenye Simu na Goti la Chiriku

Jamani, nisikilizeni kidogo, haya ninayosema si ya kusikia kwa watu. Yalitokea nyumbani kwetu, na mimi mwenyewe nilikuwemo.

Kwetu jioni ilikuwa raha. Mwanangu ni fundi wa makochi, karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo tunayokaa. Ikifika saa kumi anaweka nyundo chini, anajifuta sufi kwenye nywele, anakaa kwenye kochi la mteja ambalo halijaisha, ananiita. "Baba, njoo tuangalie timu."

Timu yenyewe iko kwenye simu. Ni mpira wa kikapu, lakini wewe huchezi, unakuwa kama bosi. Unasajili wachezaji, unawapanga, na kila wiki unachagua kitu kimoja cha kuwafundisha: kutupa, kupasi, kuzuia, kuruka, hivyo hivyo. Ijumaa unafungua unakuta namba zimepanda, zina mshale wa kijani. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini mshale wa kijani nauelewa.

Kulikuwa na kijana mmoja mrefu tukampa jina la Twiga. Mwanangu akaniuliza, "Huyu tumfundishe nini, baba?" Nikamwambia mfundishe kutupa, anayefunga ndiye anayeshangiliwa, hao wanaopasi nani anawajua? Akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia siri ya mchezo ni kutochanganya. Ukimpa mchezaji mambo matano kwa pamoja, hapandi hata moja. Unashika moja, unalijaza, ndiyo unahamia lingine.

Niwaambie ukweli, nilifurahi. Mtu mzima kama mimi, ni nani tena ananiuliza kitu? Wananiuliza kama nimekula, basi.

Sasa, mjukuu wangu. Ana miaka minane, tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake hauna breki. Alianguka kwenye ngazi za shule, mguu ukavunjika, akafungwa plasta ngumu kuanzia pajani mpaka chini. Plasta ilipotolewa, goti lilikuwa limekaza kama bawaba yenye kutu. Hospitali kuna mama mmoja wa mazoezi, mpole, mikono mikubwa. Akatupa karatasi yenye picha tano: kukunja goti, kulinyoosha, kuinua mguu, kusimama kwa mguu mmoja, kupanda kidato. Kila moja mara kumi, asubuhi na jioni, wiki sita. Akasema, "Goti lisipofanyiwa kazi sasa, litaganda lilivyo."

Mkamwana wangu anafua na kupiga pasi mashuka ya hoteli, anatoka alfajiri, anarudi jioni miguu imevimba. Akamkabidhi mumewe ile karatasi. "Baba Chiriku, wewe uko nyumbani. Hili ni lako."

"Langu," mwanangu akasema. Na alimaanisha, msimfikirie vibaya.

Wiki ya kwanza alifanya yote matano. Kukunja, mtoto anacheka, maana alimwekea mpira mdogo auvute kwa kisigino. Lakini kunyoosha, hapo ndipo palikuwa na maneno. Unaweka taulo lililoviringishwa chini ya kisigino, unabonyeza goti liende chini. Chiriku analia, anamshika baba yake shati, "Baba inatosha, baba basi." Ni mzazi gani anaweza hilo mara kumi, asubuhi na jioni? Mimi nilikuwa natoka nje.

Jioni moja tuko kwenye kochi, simu mkononi, mwanangu akasema, "Baba, mimi naona tunamchanganya huyu mtoto. Mambo matano kwa siku. Tushike kukunja kwanza, kukunja ndiko anakofurahia. Likishapanda vizuri tunahamia kunyoosha. Wewe unaonaje?"

Hapo ndipo ningepaswa kusema, mwanangu, mimi sijui, tukamuulize yule mama. Sikusema. Niliwaza namba za Twiga zilivyopanda, nikawaza pia kile kilio, nikasema, "Sawa kabisa."

Basi ikawa kukunja tu. Mkamwana akirudi anauliza, "Mazoezi?" Mwanangu anajibu, "Tumefanya." Uongo si uongo, na ukweli si ukweli. Na goti lilikunjika kweli, nisiwafiche. Wiki ya tatu kisigino kilikuwa kinakaribia kugusa tako. Mwanangu akachora mshale ukutani kwa chaki ya kukatia kitambaa, Chiriku akapiga makofi.

Aliyeona ni mama yake. Mtu wa kufua huwa anaona vitu. Jumapili amekaa uani anasugua viatu vya mtoto, akaviweka sambamba, akavitazama muda.

"Baba Chiriku, njoo. Hiki kisigino mbona kama kimetoka dukani leo? Na ncha yake imelika yote."

"Watoto wanakimbia vibaya, mama Chiriku."

"Huyu hakimbii. Chiriku, mwanangu, hebu tembea mpaka kwa babu."

Mtoto akaja. Mguu mmoja unakanyaga wote, mwingine unakanyaga kwa vidole, goti limejikunja kidogo kama mtu anayetaka kukaa. Mimi nilikuwa namwona kila siku akitembea hivyo. Nilikuwa namwona, ila sikuwa naangalia.

Jumatatu mkamwana hakwenda kazini. Tukaenda wote. Yule mama wa mazoezi akampima kwa rula ya plastiki yenye miguu miwili, ya kupimia goti. "Kukunja, vizuri sana." Kisha akajaribu kulilaza goti chini. Halikushuka. Akajaribu tena, taratibu. Akauliza, "Kunyoosha mnafanya mara ngapi?"

Mwanangu akafungua mdomo, Chiriku akamtangulia. "Kunyoosha bado, zamu yake haijafika. Baba amesema tumalize kukunja kwanza, kama Twiga."

"Twiga ni nani?"

Mkamwana akamgeukia mumewe.

Mwanangu akaeleza yote. Simu, wiki, namba, kutochanganya. Jasho linamtiririka. Yule mama hakumfokea. Akamwambia, "Baba, huyo wa kwenye simu ukimwacha mwezi mzima mishipa ya nyuma ya goti lake haifupiki. Ya huyu inafupika. Zimebaki wiki mbili. Lisiponyooka, daktari atamlaza kwa dawa ya usingizi alinyooshe kwa nguvu, na hapo sina la kukuahidi."

"Nimemlemaza mwanangu?" akauliza, sauti ndogo.

"Bado. Lakini ameanza kuzoea kutembea hivyo."

Njiani kurudi mkamwana ndiyo akasema. "Mimi nashika mashuka mia mbili kwa siku, nilijua goti moja liko mikononi mwako. Mbona hukuniambia analia?"

"Niliogopa utaniona nimeshindwa."

"Ungeniambia tungeshindwa wawili."

Zile wiki mbili, ndugu zangu, zilikuwa ndefu. Mwanangu alimwambia mteja wa kochi asubiri. Alfajiri Chiriku anafanyishwa mazoezi na mama yake kabla hajatoka, jioni na baba. Mimi nilipewa kazi ya kulala sakafuni pembeni yake na kunyoosha goti langu pia, na langu linalia kama mlango. Chiriku alilia, kisha akawa analia huku ananicheka, "Babu, lako bovu kuliko langu." Ijumaa ikapita, mwanangu hakufungua simu, Twiga sijui alifundishwa nini.

Siku ya kupimwa goti lilishuka karibu lote. Halikuwa lote. Hakulazwa, tulishukuru sana. Ila mpaka leo akichoka, akikimbia sana na wenzake, ule mguu unachechemea kidogo, na baba yake akiuona anageuza uso.

MAFUNZO

Wazazi wenzangu, sisemi mchezo wa simu ni mbaya. Ubaya ni kuchukua sheria za huko ukazileta kwenye mwili wa mtoto. Huko unachagua kimoja, vingine vinakungoja. Mtoto hangojei. Usichomfanyia leo kinakaza leo, na mara nyingi kile unachokikwepa kwa kuwa kinamliza ndicho anachokihitaji zaidi. Mtaalamu akikupa matano, fanya matano. Ukishindwa, sema umeshindwa, sema mapema, mwambie mwenzako.

Na wewe babu mwenzangu, unayekaa pembeni na kusema sawa, sawa, kwa kuwa umefurahi kuulizwa. Siku nyingine sema hujui. Mimi niliona haya kusema hivyo kwa mwanangu, na aliyechechemea si mimi.