Maombi Mbele ya Friji

Katika mtaa mmoja aliishi fundi umeme ambaye watu walimwita Waya. Jina hilo lilitokana na kazi yake, na pia na umbo lake, maana alikuwa mrefu, mwembamba, na asiyetulia mahali pamoja. Kila asubuhi mkewe alimfungia chakula, akamtafutia bisibisi aliyoipoteza, na kumkumbusha kuvaa viatu vyake vya mpira.

Jumapili Waya alivaa suti. Alikuwa mzee wa kanisa, na kwa miezi mitatu alikuwa pia kiongozi wa kikundi cha maombi cha mtaa. Kikundi kilikutana kila Jumatano alasiri, leo nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile. Watu walimpenda. Aliwatembelea wagonjwa, alijua kuimba, na hakuchelewa ibada hata siku moja.

Jumatano moja walikutana kwa fundi cherehani. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, aliyeishi na mjukuu wake mdogo wa kike. Mtoto huyo ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea, na alishika kila alichokikuta njiani.

Walipomaliza kuimba, fundi cherehani alisema, "Nina ombi. Lakini msinicheke."

"Hatukucheki. Sema, mama," alisema mwashi, mtu mnene aliyekaa karibu na mlango.

"Friji yangu inaniuma."

Mwashi akaangua kicheko, kisha akaziba mdomo.

"Nilijua tu," alisema fundi cherehani. "Lakini ni kweli. Nikishika mlango wake, hasa nikiwa peku, kitu kinanitambaa vidoleni mpaka kwenye kiwiko, kama sisimizi. Nilimwambia mzee wetu Waya, akasema mikono yangu ina maji. Basi sasa naikausha mikono kama daktari, na bado inaniuma. Nadhani kuna kitu kibaya kimeingia nyumbani kwangu. Naomba mniombee."

Watu wote wakamgeukia Waya. Yeye alijua kilichokuwa kikimuuma fundi cherehani, na hakikuwa pepo.

Miezi mitatu nyuma, Waya ndiye aliyeweka umeme katika nyumba ile. Alifanya kazi nzuri mpaka saa tisa. Ilibaki fimbo ya ethi tu, ile fimbo ndefu ya chuma inayochomekwa ardhini nje ya nyumba ili kumeza umeme unaovuja. Aliipiga nyundo, ikaingia kiasi cha shubiri moja, ikagonga jiwe. Akapiga tena. Haikusogea. Na saa kumi alitakiwa kanisani, maana siku hiyo ndiyo aliyowekewa mikono kuwa kiongozi wa kikundi. Angeweza kusogea hatua chache na kuanza upya. Badala yake alichukua msumeno, akaikata fimbo, akafukia kipande kilichobaki. Kwa nje kila kitu kilionekana sawa. "Nitarudi kesho," alijiambia. Hakurudi.

Sasa watu walikuwa wamesimama wakiizunguka friji, wamefumba macho, wakimsubiri. Waya akanyoosha mkono wake juu ya friji bila kuigusa. Akaanza kuomba.

Alipofumbua jicho moja, alimwona yule mtoto. Alikuwa amemwaga kikombe cha maji, amelowa mikono, na alikuwa anatembea kuelekea kwenye friji.

Waya alimrukia, akamnyakua.

"Oneni mzee anavyopenda watoto!" alisema mama mmoja.

Sifa hiyo ilimchoma kuliko tusi. Akachomoa plagi ya friji, akasema haraka, "Hii tuizime kwanza. Ipumzike." Kisha akafunga maombi na kuondoka kabla ya chai.

Nyumbani hakula. Mkewe alimtazama, akasogeza sahani pembeni.

"Baba watoto, kuna nini?"

Waya alimweleza yote. Mkewe alisikiliza bila kumkatiza.

"Na ukaomba?" aliuliza mwishoni.

"Nikaomba."

"Ulimwomba Mungu afanye nini?"

"Amlinde mama wa watu."

"Amlinde na nani, mume wangu? Na wewe?"

Usiku ule alijigeuza kitandani mpaka mkewe akahamia kwenye mkeka.

Asubuhi alikwenda moja kwa moja kwa mchungaji. Mchungaji wao alikuwa mwanamke mdogo kwa Waya kwa miaka mingi. Alimkuta anapaka rangi mlango wa kanisa, amejifunga kitambaa kichwani.

"Mchungaji, nimekuja kujiuzulu uongozi," alisema Waya.

"Asubuhi yote hii? Kuna nini, mzee wangu?"

Waya alieleza. Mchungaji aliweka brashi chini.

"Na friji iko wapi sasa?"

"Niliichomoa."

"Na pasi? Na ile cherehani yake ya umeme? Hivyo navyo ulichomoa?"

Waya akatazama chini.

"Nilifikiri hivi," alisema. "Leo akienda sokoni, niende nikapige fimbo nyingine, kimyakimya. Atakuwa salama, na hatajua."

"Umeme utakuwa salama, sawa. Yeye ataendelea kuamini kwamba nyumba yake ilikuwa na pepo. Nawe utaendelea kuwa mtu aliyelifukuza. Hilo ndilo unalolitaka?"

"Lakini watu wakijua, nani atanisikiliza tena nikisema tumtii Mungu?"

Mchungaji alifuta mikono yake. "Mzee wangu, siku ile ulikimbia kuwahi kuwekewa mikono. Lakini Mungu hakukusubiri kanisani tu. Alikuwa pale kwenye jiwe. Moyo wako ulikuambia nini?"

"Sogea, uchimbe upya."

"Ile ilikuwa ibada yako ya siku ile, na uliikatisha. Leo moyo unakuambia nini?"

"Niende nikaseme."

"Basi usije kwangu kujiuzulu. Kiongozi wa watu wa Mungu ni yule anayetangulia kutii, hata pale utii unapoaibisha. Mengine ya cheo tutazungumza baadaye. Sasa kimbia, kuna mtoto kule."

Waya alikimbia kweli, na begi lake la vifaa likimgongagonga mgongoni.

Alipofika kwa fundi cherehani, jambo la kwanza alilosikia lilikuwa mngurumo wa friji.

"Umeiwasha!" alisema.

"Maziwa ya mtoto yangeharibika," alijibu fundi cherehani. "Wewe ulisema ipumzike. Imepumzika."

Waya alielewa kwamba kosa lilikuwa lake tena. Alikuwa ameizima bila kumwambia kwa nini. Akaenda kwenye swichi kuu, akazima umeme wa nyumba nzima.

"We! Nina gauni la bibi harusi mezani!"

"Mama, keti kidogo. Nina neno." Waya alikunja kofia yake mikononi. "Hakuna pepo katika nyumba hii. Ni mimi. Niliikata fimbo ya ethi, ile ya kuwakinga na umeme, nikakuficha. Uliponiuliza, nikakudanganya kuhusu mikono yako. Na jana nikaomba huku nikijua. Nisamehe."

Uzi aliokuwa ameushika fundi cherehani ulianguka. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa chini sana.

"Unajua nimekuwa nikifanya nini wiki hizi zote? Natubu. Nilisema Mungu ananiadhibu. Nimetafuta dhambi zangu tangu utoto, nikazitubu moja moja. Nimewaomba msamaha watu ambao hata hawanikumbuki."

Machozi yakamlengalenga Waya. Hakuwa amefikiria kwamba kipande cha chuma kingeweza kumfikisha mtu huko.

"Nisamehe, mama," alirudia.

"Sijakusamehe bado," alisema fundi cherehani, akainuka. "Chimba kwanza. Nataka kuona."

Waya alichimba. Akatoa kile kipande, kifupi kama mwiko. Fundi cherehani alikigeuza mkononi.

"Hiki ndicho kilichokuwa kinatulinda?"

"Ndicho. Sikiliza nikueleze. Ndani ya kifaa waya ukichubuka, umeme unaweza kupita kwenye bati la friji au chuma cha pasi. Ethi ni njia ya kuupeleka ardhini umeme huo, na kusaidia swichi ikate haraka. Njia hiyo ikiwa mbovu, umeme unapita kwenye mwili wa atakayeshika. Ukiwa peku, au umelowa, unapita kwa urahisi zaidi."

"Kwa hiyo wale sisimizi walikuwa umeme."

"Walikuwa umeme. Kifaa kikikutekenya hata kidogo, usikizoee. Usikiguse tena. Vaa viatu vikavu, zima swichi kuu, uite fundi. Na fundi akija, mwambie apime ethi mbele yako. Hata kama ni mzee wa kanisa."

"Hasa kama ni mzee wa kanisa," alisema fundi cherehani, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akatabasamu kidogo.

Waya alitafuta mahali pengine, upande wa nyuma ambako udongo ulikuwa laini na wenye unyevu. Akapiga fimbo mpya mpaka ikaingia yote, ikabaki ncha ya kufungia waya tu. Akaikaza vizuri. Akapima kwa kifaa chake, akamwonyesha fundi cherehani namba na kumweleza maana yake. Kisha akaigeuza friji, akakuta nyuma yake waya umechubuka. Akaubadilisha. Hakuwasha umeme mpaka alipokagua pasi na cherehani pia. Jua lilikuwa limepita utosini.

"Jumatano utawaambia wenzetu?" aliuliza fundi cherehani.

"Nitawaambia."

"Ukiwaambia, nitakuwa nimekusamehe. Nenda kale. Unatetemeka."

Jumatano kikundi kilikutana kwa Waya mwenyewe. Hakuvaa suti. Alisimama mbele ya watu, mkewe akiwa nyuma yake, akasema yote: jiwe, msumeno, uongo, na maombi yale. Hakutia chumvi wala hakupunguza.

Mama aliyemsifu wiki iliyopita alichukua mkoba wake, akatoka bila kuaga. Ilimuuma Waya, lakini hakumlaumu.

"Kama mnataka kiongozi mwingine, nitamfuata kwa moyo mmoja," alisema. "Lakini wiki hii nitapita nyumba zote nilizoweka umeme. Nitapima ethi za wote, mkiwa mnatazama."

Fundi cherehani ndiye aliyesimama. "Mimi alinikosea kuliko ninyi wote, na mimi nasema abaki. Nilikuwa nimefungwa na hofu. Maombi yake hayakunifungua, lakini ukweli wake ulinifungua. Nyumba yangu ni salama, na nimelala vizuri."

Wengi wakaitikia. Ndipo mwashi, aliyekuwa ameinamisha kichwa muda wote, akakohoa.

"Na mimi nina jiwe langu," alisema. "Ngazi za shule ya watoto wadogo nilizijenga mimi. Daraja mbili za juu nilizilaza siku ya mvua, nikajua hazijakaza, nikaziziba kwa lipu. Kila nikipita pale, nageuza uso. Kesho nakwenda kumwambia mwalimu mkuu."

"Nitakusindikiza," alisema Waya.

Walikwenda wote wawili. Mwalimu mkuu alikasirika, akafoka, halafu akawafungulia lango. Siku nne watoto walitumia mlango wa nyuma, huku mwashi akibomoa na kujenga upya, na Waya akimbebea maji. Alasiri, akitoka shuleni, Waya alipita nyumba moja baada ya nyingine na kipimo chake. Ethi zake nyingine zote zilikuwa nzima. Nyumba mbili, zilizowekwa umeme na mafundi wengine, zilikutwa hazina ethi kabisa, na zote mbili zilikuwa na watoto ndani. Alizitengeneza wiki hiyohiyo.

Yule mama aliyetoka na mkoba wake alirudi kwenye kikundi baada ya mwezi. Alileta tu karatasi yenye anwani ya dada yake, akamkabidhi Waya. "Kapime na huko," alisema.

Lakini kabla ya hayo, siku ngazi mpya zilipokauka vizuri, mwalimu mkuu alipiga kengele. Mwashi alisimama chini na Waya, mikono yao ikiwa imepauka kwa saruji. Watoto sitini wakapanda mbio, wakisukumana na kupiga kelele, na hakuna hata daraja moja iliyotikisika.