Mkono Haulipwi kwa Shingo

Baba yetu ni seremala. Asubuhi ile alikuwa anapiga randa mbao, kama kila siku. Mama alikuwa anaanika nguo. Nikamuuliza baba anatengeneza nini.

"Jeneza la kaka yako," akasema.

Kaka alikuwa hai jamani! Alikuwa gerezani, wiki haijaisha tangu ahukumiwe kunyongwa. Kaka ni kinyozi. Yeye na rafiki yake walivamia duka wakiwa na panga. Walimpiga mwenye duka, wakamvunja mkono, wakabeba mali. Ni kosa, tena kosa baya. Simtetei. Lakini hakuna aliyekufa.

Jirani yetu akaingia. Zamani alikuwa askari wa magereza, sasa amestaafu. Mtaa mzima unamwita Mama Funguo.

"Mnamzika mtu anayepumua?" akauliza. "Na wakimnyonga, hata mwili hamtapewa. Mmekata rufaa?"

"Rufaa ya nini?" baba akafoka. "Jaji amekwisha sema. Tukimsumbua si atakasirika zaidi?"

"Akikasirika atamnyonga mara mbili?"

Mama akacheka, kisha akalia.

Mama Funguo akakaa kwenye benchi, akatueleza polepole. Rufaa ni kuiomba mahakama ya juu iitazame kesi upya. Ni haki ya aliyehukumiwa, si utovu wa adabu. Ina siku zake, na zikipita mambo huwa magumu. Kaka amwambie mkuu wa gereza leo hii hii. Wakili wa bure anaweza kupatikana.

"Lakini ni mwizi," baba akasema.

"Basi afungwe, nani kakataa? Ila adhabu ilingane na kosa. Eti aliyeiba anyongwe, na aliyeua anyongwe vilevile! Sasa mwizi atamwacha shahidi hai ili iweje?"

 Baba aliweka randa chini, akaenda kuvaa viatu. Siku hiyo hiyo alifika gerezani.

Mama naye alikwenda kwa mwenye duka kuomba radhi. Nilimsindikiza. Yule bwana hakutupa hata kiti.

"Mwanao kaniharibia maisha," akasema. "Gunia siwezi kunyanyua, shati navalishwa na mke wangu. Nataka akae jela mpaka aote mvi! Lakini mimi sijafa, mama. Mkono haulipwi kwa shingo."

Alikubali kuyasema hayo mbele ya wakili wa bure tuliyempata, na wakili akayafikisha mahakamani. Majaji wakafuta hukumu ya kifo, wakampa kaka kifungo kirefu. Atatoka mzee. Sasa anawanyoa wafungwa wenzake, na mama humpelekea sabuni.

Na yule rafiki yake? Kesi moja, panga moja, hukumu moja. Lakini kwao waliona aibu. Mama Funguo aliwafuata, wakamfungia mlango. "Hatuna mtoto huyo," walisema. Aibu gani hiyo ya kumshinda mtoto wa kumzaa? Siku za rufaa zikapita, na hakuna aliyemsemea.

Juzi mama yake alikuja kwetu. Baba akampa kiti. Alikaa, mkoba magotini. Mama Funguo akamuuliza, "Mwanao hajambo?"

"Wameniita nikachukue nguo zake," akasema.