Sifuri Aliyoiandika Lévi

— Wivine, bageni wameshakaa, na wewe uko wapi?

Sauti ya dada yake, Louise, ilitoka kwenye simu, ikajaa maabara yote. Wivine hakuinua macho kwenye mashine.

— Yaya, niko Keshero bado. Dakika makumi mbili tu.

— Ulisema vile saa saba! Bakwe zako wametoka Masisi tangu asubuhi. Papa anasema usipofika, watabeba kinywaji chao cha posa warudi.

Akakata. Ndani ya chupa ya chuma, kipande cheusi kidogo kama kifungo cha shati kilikuwa kimezama katika azote, hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji. Kwa baridi ile, umeme ulipaswa kupita ndani yake bila kizuizi chochote, mashine isome sifuri. Miezi kumi na minne Wivine aliitafuta sifuri hiyo. Na azote ilikuwa inafuka, inaisha.

Mlango ukafunguka. Lévi, mchumba wake, daktari wa ng'ombe, aliingia na suti mpya, tai mkononi.

— Umeacha wazazi wako kule?

— Leo wanasema wazee. Ni wewe wanataka kuona. Enda, nitaandika namba.

— Wewe? Heri nikose vyote.

Mwezi uliopita Wivine alimwachia daftari. Lévi, kwa kumwonea huruma, akaandika sifuri ambayo mashine haikuisema. Wivine akaitangaza kwa furaha, kisha akalazimika kuikana mbele ya profesa na wanafunzi wake.

— Nilitaka ufurahi.

— Ulinidanganya! Nitaishi namna gani na mutu nisiyejua saa gani anasema kweli?

Lévi akainamia chupa inayofuka. Azote yenyewe ni yeye aliyeileta, ile anayohifadhia mbegu za mafahali.

— Hata namba ikiwa mbaya, nitakutumia vile iko.

Wivine akamwangalia, akaangalia mashine. Akamwekea kalamu kiganjani, akakimbilia moto, pikipiki ya abiria, barabarani.

Katoyi, nyumbani kwao, sebule ilikuwa imejaa. Aliingia anahema, kitenge kimefungwa upande. Baba yake, papa Barthélemy, akasimama.

— Mwanangu, hawa watu wanasema kijana wao anajulikana hapa. Unamujua? Tupokee kinywaji chao?

Simu ikatetemeka mkononi. Akaisoma palepale, wazee wakimtazama.

"0,4. Azote imeisha. Haikushuka. Samahani sana, mpenzi."

Machozi yakamjaa. Louise akamfinya.

— Jibu, wee!

— Sasa namujua, papa. Pokeeni.