Tangi Lililonyamaza

Rafiki yangu Jurandir wa mji wa Macaé si mwoga; kwa ushujaa nimemzidi mimi tu. Anafanya kazi kwenye meli isiyokwenda popote: imefungwa minyororo baharini, inafyonza mafuta kutoka chini na kuyahifadhi tumboni hadi meli nyingine ije kuyachukua.

Mchana mmoja aliambiwa afunge tangi lililokwisha kusafishwa. Kabla ya kufunga ni lazima uite, maana baadaye hutiwa gesi isiyowaka ili mafuta yasilipuke, na aliyesahauliwa humo hana pumzi tena.

"Kuna mtu?" akaita.

Tangi tupu siku zote humrudishia sauti yake. Safari hii, kimya.

"Ademir! Umejificha humo na magodoro yanayomeza sauti?"

"Magodoro gani, bwege wee?" Ademir, mwenzake wa zamu, akamjibu kutoka nyuma yake, mdomo umejaa farofa, ule unga wa muhogo wa kukaanga. "Sauti yako yenyewe ya kifaranga!"

Jurandir hakumwamini. Wakashuka na taa, wakapekua kila kona. Hakuna mtu. Akafunga, huku moyo ukikataa.

Mafuta yakajaa hadi juu. Kesho yake, akipita na kikombe cha kahawa, alisikia chini ya kifuniko sauti yake mwenyewe: "Kuna mtu?"

Kisha ikanyamaza, kama inayosubiri kujibiwa.