Jina la Mpiga Kinanda

Jumamosi ile soko la vifaa vya umeme la Cikapundung, mjini Bandung, lilifurika watu mpaka njia zikawa hazipitiki. Kinanti alijipenyeza katikati ya vibanda, kinanda chake kakikumbatia kifuani kama mgonjwa anayekimbizwa hospitali. Alivaa suruali nyeusi ya jinzi, buti zilizochubuka pua, na shati la kiume la mirabaraba lililomfika mapajani. Saa kumi alasiri bendi yake ya roki, Lereng, ilikuwa ipande jukwaani kwenye uwanja wa chuo, na kinanda hakikutoa hata mguno. Mafundi watatu walishamwambia arudi Jumatatu.

Wa nne, Kinanti alimkanyaga mguu.

"Pole sana, Kang!" alisema; huko Kang ni kaka, na Neng ni dada mdogo.

"Usijali, Neng, ninao mwingine," alijibu kijana mmoja mrefu, mwenye kioo cha kukuzia kilichofungwa kwenye paji la uso. "Mgonjwa ni nani, wewe au hicho ulichobeba?"

"Hiki. Nina onyesho saa kumi. Utaweza?"

"Umenikanyaga, sasa unanitukana? Lete hapa."

Jina lake lilikuwa Rustandi, na mtaa mzima ulimwita Kang Rus. Alikifungua kinanda taratibu, akaguna, akalehemu waya mmoja mwembamba kama unywele, kisha akasogea pembeni. "Haya, kisemeshe."

Kinanti akapiga. Muuza betri wa kibanda cha jirani alinyamaza katikati ya tangazo lake. Rus alivua kioo pajini, akamtazama msichana yule kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Hiki hutakibeba tena kifuani," alisema. "Panda pikipiki, nikupeleke mwenyewe."

"Na kibanda?"

"Kitanisubiri. Onyesho halisubiri."

Ndivyo walivyoanza.

Kinanti alikuwa na Lereng mwaka wa kumi na moja, tangu walipokuwa wanafunzi. Bendi ilimpa furaha, lakini kilichomlisha ni studio za Jakarta. Watayarishaji walimpigia simu, akapanda treni ya asubuhi, akapiga kinanda katika nyimbo nne au tano za waimbaji asiowajua, kisha akarudi zake Bandung. Nchi nzima iliimba ikifuata vidole vyake, na hakuna aliyejua vidole hivyo ni vya nani. Naye alikuwa hajali. Alizoea.

Kila asubuhi alipokuwa mbali, alimpigia Rus, akaiweka simu juu ya kinanda na kumpigia kipande kimoja kifupi. Kilipanda kwa woga, kikasita, kikashuka polepole kama mtu anayeteremka ngazi akicheka.

"Kinaitwaje hicho?" Rus aliuliza siku moja.

"Hakina jina. Ni chako."

"Changu peke yangu?"

"Kang, una wivu hata na noti za muziki?"

"Noti zangu mwenyewe! Nisizionee wivu mimi, azionee nani?"

Kinanti alicheka mpaka fundi mitambo akamgongea kioo cha studio.

Mwezi Juni mtayarishaji mmoja, Pak, yaani Bwana, Hendrawan, alimwita kwa wiki mbili. Siku ya mwisho, wote wakiwa hoi, alimwambia, "Huu wimbo wa Velia hauna mwanzo. Hebu tia kitu, chochote." Kinanti aliweka mikono, vidole vikaenda vyenyewe. "Safi! Umekwisha," alisema Hendrawan, na watu wakatoka kwenda kula.

Agosti, Kinanti akiwa tena Jakarta, Rus alikuwa ameinamia redio ya mteja kibandani pake. Redio ikapona, ikaanza kuimba. Kilipanda kwa woga, kikasita, kikashuka. Kisha sauti tamu ya Velia ikaingia juu yake, na mwishoni mtangazaji akasema kuwa tuni hiyo inayotingisha nchi imetungwa na Hendrawan.

Mchana ule Kinanti alipiga simu mara tatu. Ya nne ikapokelewa.

"Mpenzi, mbona hushiki simu?"

"Nilikuwa nasikiliza redio."

"Kuna nini redioni?"

"Kitu nilichodhani ni changu. Kumbe ni cha yeyote mwenye studio." Simu ikakatwa.

Kinanti hakuelewa mpaka kesho yake, alipokuwa akila wali na pweza wa kukaanga kwenye banda la chakula, muuzaji alipoongeza sauti ya redio. Kijiko kilisimama hewani. Aliacha chakula, akaenda moja kwa moja stesheni.

Bandung ilimpokea kwa mvua. Alifika kibandani maji yakimchuruzika, nywele zimemganda shavuni. Rus hakuinua kichwa.

"Kang Rus, nitazame."

"Nina kazi."

"Kazi yangu mimi unaijua? Mtu ananiambia tia kitu hapa, upesi. Sina muda wa kuchagua. Natia kilicho karibu na moyo. Siku ile karibu na moyo ulikuwepo wewe." Alisogea mpaka kwenye meza yake. "Sikukiuza. Kilinitoka. Na huyo mtu amekiandikia jina lake, hata kuniambia hakuniambia."

Rus akaweka chini bisibisi. "Hukujua?"

"Nimejua leo, kinywa kimejaa wali."

Rus alitaka kucheka, akaona aibu. "Nimekuhukumu kabla ya kukuuliza, Neng. Nisamehe."

"Nami nilitoa chako bila kukuuliza. Tumetoka sare." Akapangusa uso, akatoa simu, akampigia Hendrawan palepale, akaweka sauti nje ili Rus asikie.

"Kinanti!" Hendrawan alicheka aliposikia shida yake. "Mpiga kinanda wa kukodiwa ni kama maji ya bomba. Nani huuliza yametoka mto gani?"

"Mimi nauliza, Pak. Jina langu liandikwe, au usiniite tena."

"Ukienda hivyo hakuna studio Jakarta itakayokuita."

"Basi nitapumzika," alisema Kinanti kwa adabu, akakata. Rus aliichukua simu, akaiweka mezani, akamvutia kiti.

Hendrawan hakutania. Septemba ikapita, Oktoba ikapita, simu ya kazi haikulia. Kinanti alifundisha kinanda nyumba kwa nyumba. Koswara, mpiga ngoma wa Lereng, alimletea tofu ya soya ya kukaanga na vichekesho vibovu. Siku moja, katikati ya mazoezi, Kinanti aliondoa mikono kwenye kinanda akalia.

"Nimejifungia mlango mwenyewe."

"Mlango ule ulikuwa wa uani," Rus alimwambia. "Ulikuwa unaingizwa kwa kificho na kutolewa kwa kificho."

Koswara akadakia, "Na sisi tunaye sasa kila siku. Turekodi albamu yetu, jamani, kabla hajaajiriwa!"

Walicheka, kisha wakaona si mzaha. Wakarekodi.

Novemba simu ililia. Sauti ya mwanamke, kavu kidogo. "Naitwa Wening, nina studio ndogo Jakarta. Wewe ndiye yule anayedai jina lake?"

"Ndiye, Ibu," Kinanti alijibu, akimwita mama kwa heshima.

"Vizuri. Kwangu huandikwa kila mtu, hata anayepika chai. Nakuhitaji mwezi mzima. Utakuja?"

Jina la mtunzi wa wimbo wa Velia halikubadilishwa, mpaka leo. Lakini albamu ya Lereng ilitoka Februari, na siku ya kuizindua kule Lembang, milimani juu ya Bandung, jua lilikuwa kali, nyasi zinameta, milima imevaa mawingu kichwani tu. Kinanti alivaa gauni jeusi na buti mpya. Rus alikaa kwenye mitambo ya sauti katikati ya uwanja, akijaribu chombo kimoja kimoja.

"Ngoma," alisema kwenye maikrofoni, na spika zote zikarudia. Koswara akapiga. "Sawa. Kinanda."

Kinanti akapiga.

"Kinanda nakisikia. Neng Kinanti, na wewe unanisikia?"

"Nakusikia, Kang. Lembang nzima inakusikia."

"Nashukuru. Mama yangu anauliza kama Jumapili anaweza kuja kwenu."

"Kuja kufanya nini?"

Spika zilikohoa. "Kuleta posa."

Mafundi wa taa waliganda juu ya ngazi. Mama mmoja muuza mahindi ya kuchoma aliacha kupepea moto.

"Jibu basi, dada!" Koswara alipiga kelele. "Jua linatuunguza!"

Kinanti aliinamia maikrofoni. Macho yalikuwa yamemlowa, lakini sauti ilitoka imara, ikapita juu ya nyasi mpaka kwenye mahema ya wauzaji.

"Mwambie aje asubuhi," alisema. "Saa nane nina treni. Naenda kurekodi kwa Ibu Wening."