Levina na Meno Mapya

Levina wa Kigwa alikuwa na donda la roho, nalo liliitwa Benedikta, jirani yake. Kila asubuhi Levina akifagia uwanja, Benedikta yuko kibarazani anatafuna karanga za kukaanga. Kwa meno ya bandia! Kru, kru, kru. Levina alifagia kwa hasira mpaka vumbi likamwingia machoni.

Zamani Levina ndiye aliyeanzisha nyimbo katika kwaya ya kina mama. Meno yalipomwisha, maneno yakawa yanatoka na upepo. Nafasi akapewa nani? Benedikta huyohuyo. Sasa Levina naye amewekewa meno huko Tabora mjini. Mwalimu wa kwaya akamwambia, "Ukiweza kuimba vizuri kabla ya sikukuu ya mavuno, utaanzisha wewe." Zilibaki wiki nne.

"Nitamwonyesha!" Levina alimwambia mumewe, Amon.

Akamwonyesha kweli. Mazoezini alitoa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa hadi vikawa vigumu. Akavitafuna mbele ya Benedikta, macho makavu. Usiku hakuyavua meno, ati yazoee haraka. Mchana, kila akimwona jirani, aliyauma kwa nguvu bila kujijua. Jamani, wivu!

Siku ya tano taya zikakaza. Maumivu yakapanda mashavuni mpaka masikioni. Mdomo ulifunguka kiasi cha kupitisha kijiko cha uji tu. Ataimbaje? Levina alilia.

"Yamezidi urefu haya," Amon alisema, akaleta tupa ya kunolea jembe. "Lete niyakwangue."

Levina alishampa meno, mara hodi. Benedikta!

"Mwangaluka, mwenzangu," akasalimu kwa Kinyamwezi, kisha akaona. "We Amon, weka chini hiyo tupa! Utayaharibu!"

Levina akajifunika mdomo kwa kanga. Katika watu wote, kaja huyu.

"Taya zinauma?" Benedikta akauliza. "Zangu ziliuma wiki tatu. Nililia jikoni, nikasingizia moshi."

"Wewe? Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Nikija, unaingia ndani."

Levina aliona haya. Benedikta akavuta kigoda.

"Misuli ya taya inajifunza upya, mwenzangu. Ipe muda. Anza na vyakula laini, vipande vidogo, utafune pande zote mbili. Kama huli, usiyaume meno. Usiku yavue, uyasafishe, uyaloweke kwenye maji safi, fizi zipumzike. Mashavu yakande kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Soma kwa sauti, ulimi uzoee. Maumivu yakizidi, au ukiona kidonda, rudi kwa aliyekuwekea. Mimi nilirudi mara tatu."

Kesho yake walikwenda mjini pamoja. Mtaalamu wa meno, binti mdogo, alimwamkia Levina, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akampima. Upande mmoja wa meno uligusana kabla ya mwingine. Akaurekebisha kwa mashine yake, akamwambia arudi baada ya wiki. Levina alirudi. Kila jioni alimsomea Amon Zaburi kwa sauti, hadi Amon akaomba apumzishwe.

Sikukuu ikafika. Levina akasimama mbele, akafungua mdomo, akaanzisha. Maneno yalitoka safi, moja moja. Kanisa zima likaitikia.

Nje, Amon alimnong'oneza, "Umempiku Benedikta!"

"Nimempiku nini?" Levina akasema kwa sauti, watu wote wasikie. "Nilimwonea wivu mwaka mzima, naye ndiye aliyenifundisha. Benedikta! Njoo, leo unakula kwangu."