Namba Isiyogawanyika

Duka la simu lilijaa hadi mlangoni. Msusi, gauni la kijani na midomo imepakwa rangi ikakolea, alimsomea muuzaji namba aliyoichagua: "Sifuri, tisa nane mbili, nne tano moja, sita tano tatu."

"Dada, hiyo usiiache," sauti ikatoka nyuma yake. "Ina kitu."

Akageuka. Kijana mrefu, shati limenyooshwa vizuri, chaki kwenye kiwiko. Mwalimu wa hesabu.

"Kitu gani?"

"Sijui bado. Nitaichunguza, halafu nikupigie."

"Mjanja wewe! Umeshachukua namba yangu bila hata kuomba!"

Alipiga jioni ileile. Mwezi haukuisha wakawa wanaitana mpenzi, na wateja wa saluni wakazoea kumwona msusi akicheka peke yake, chanuo mkononi.

Jambo moja tu hakumwambia. Aliwahi kuolewa, na mume alimwacha kwa kukosa mtoto. Aliogopa kulisema, na nani asingeogopa?

Sasa siku hiyo mikono yake imejaa povu, kichwa cha mteja kiko kwenye beseni, ukaingia ujumbe wa sauti. "Shoga, nibonyezee hapo," akamwomba mteja mwingine. Sauti ya mwalimu ikajaa saluni nzima:

"Mpenzi! Nimehakikisha! Ni tasa! Tasa kabisa, hakuna shaka! Natamani nimwambie kila mtu!"

Loo! Watu midomo wazi. Mteja wa beseni alifumbua macho, povu likamwingia, asithubutu hata kulalamika. Msusi alijifuta mikono, akachomoa laini, akaikata vipande viwili kwa mkasi wa nywele.

Mwalimu alipoona hapatikani, akaja mbio.

"Nani kakwambia mimi tasa?" Msusi alifoka. "Mume wangu wa zamani?"

"Mume?" Mwalimu akaduwaa. "Mume gani? Mimi nasema namba yako ya simu! Nimeigawa kwa mbili, kwa tatu, kwa saba, mpaka juu ya elfu thelathini na moja. Inagawanyika kwa moja na kwa yenyewe tu. Namba ya hivyo ndiyo tunaiita tasa. Hata ukijumlisha tarakimu zake unapata arobaini na tatu, nayo ni..."

Msusi alikuwa ameketi sakafuni, juu ya nywele zilizokatwa, analia.

"Neno hilo ndilo lililonitoa kwenye ndoa. Na daktari hakunipa matumaini. Haya, umesikia. Mlango ule pale."

Jamani, yule kijana hakuutazama hata mlango. "Miaka yote naliandika ubaoni nikiliona zuri. Sikujua linamuumiza mtu."

"Nijibu, mwalimu. Utaishi na tasa?"

Akapiga magoti palepale kwenye nywele. "Kwa moja na kwa mwenyewe tu. Niruhusu niwe huyo mmoja. Nikuoe."

"Kubali basi," mteja wa beseni akalia, "macho yananiwasha!"

Kesho yake walirudi duka lilelile. Foleni ndefu.

"Lazima namba ileile?" muuzaji akauliza. "Ina nini cha ajabu?"

"Ni tasa," msusi akasema, kwa sauti iliyofanya duka zima ligeuke. "Kama mimi. Na huyu ndiye mchumba wangu."